Hodi ya Mapema

Pikipiki yangu ni ya injini ndogo, mia moja tu,
nyekundu iliyopauka, kiti nimekishona mara tatu
kwa uzi wa viatu.
Nambozo, fundi wa steji yetu hapa Mbale, huiita Kikohozi.
Si tusi. Ni jina la ugonjwa.

Kituoni kuna pampu mbili:
ya kawaida, na ile yenye picha ya simba
na tisini na tano kubwa kama namba ya mchezaji,
iliyozidi shilingi mia sita kila lita.
Miezi minane nilikuwa mtu wa simba.
Nilisema, na Kikohozi naye ale wali siku za kazi.
Wenzangu wakaniita Waziri. Sikukataa.

Nambozo alinisikiliza akifuta plagi kwa pindo la ovaroli.
"Unadhani hiyo namba ni nguvu?"
"Ni nini basi?"
"Subira."

Akachukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole gumba.
"Sukuma."
Nikasukuma. Chuma kikapata joto mkononi mwangu.
"Ndivyo pistoni inavyoyafanya mafuta. Inayabana,
yanachemka hasira, yanatamani kulipuka.
Yenye namba ndogo hayangoji cheche.
Yenye namba kubwa yanavumilia mpaka yaitwe.
Sasa hiki chako kinabana kiasi gani?
Kama mkono wa shangazi akikusalimu kanisani!
Tena kule mlimani hewa yenyewe nyembamba.
Wewe unanunua subira ya Ayubu
kwa ajili ya salamu."

Nilicheka.
Kisha nikapiga hesabu, lita tatu kwa siku,
siku ishirini na sita, mara miezi minane,
nikaacha kucheka.
Laki tatu na sabini na nne elfu na mia nne.
Karo ya Khainza, sare, na soksi zisizo na dirisha.

"Lakini mbona inagonga?" nikauliza,
maana sikutaka kushindwa yote kwa asubuhi moja.
Nikiupanda mlima wa Wanale, gia ya pili,
gunia la kahawa nyuma na mwenye gunia juu ya gunia,
nasikia humo ndani ngo, ngo, ngo,
mtu anabisha.

Nambozo akafungua tangi, akainamisha pua.
Akanyamaza kidogo.
"Humu mna taa ya bibi yangu," akasema.
"Humu mna koroboi."

Nikatazama viatu vyangu.
Kule juu hakuna kituo. Kuna meza ya Gidudu,
chupa za soda zimejipanga kama dawa,
petroli rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nusu lita hapa, nusu lita pale,
simba wangu wa mia sita nikamchanganya na taa.

"Mafuta ya taa hayajui adabu," Nambozo akasema.
"Yakiguswa na joto tu, hodi! hodi!
mwenye nyumba hata shati hajavaa.
Siku moja yatavunja mlango."

Siku hizi nasimama kwenye pampu ya kawaida.
Nafunga galoni dogo ubavuni kwa mpira wa tairi,
linatosha kupanda na kushuka.
Kikohozi kimebaki jina tu.

Lakini Gidudu ndiye aliyenikopesha
mwaka ule udongo ulipoteremka na barabara ikafa,
lita kwa lita, bila daftari,
wala hakuniuliza nitalipa lini.
Na sijui kama anachanganya yeye
au anauziwa yamekwisha kuchanganywa.
Sijamuuliza. Natafuta namna ya kuuliza
isiyogonga kabla ya wakati wake.

Nikipita nampigia honi. Sisimami.
Ananyanyua chupa moja juu, jua linapita ndani yake,
na kona inanichukua
kabla sijajua kama ni salamu
au swali.